Kambi ya Macho Iliyokosa Wagonjwa

Nyinyi mliobaki katika chumba cha seva mliniomba niwaandikie kumbukumbu zangu kabla sijazisahau. Nadhani mlitaka maneno ya kutia moyo. Mmemwomba mtu asiyefaa. Nimestaafu na mgongo unaouma, na shamba la ndizi pale Nkubu ambalo limenisubiri kwa hasira, na jambo moja ambalo nimeshindwa kuliacha ofisini. Nitawaeleza kazi ilivyokuwa. Mahali pa kucheka chekeni, lakini mjue tangu sasa kwamba haiishi vizuri.

Vyeo sitavitaja. Kila kimoja kiliniongezea mikutano tu, na sijawahi kuona mtu akijifunza kitu mkutanoni.

Siku yangu ya kwanza katika shirika letu la macho nilifika ofisini Meru mjini nikiwa na shati jipya na cheti ndani ya bahasha. Kompyuta niliyoonyeshwa ilikuwa imefunikwa kitambaa kilichofumwa maua, kama redio ya nyanya yangu. Aliyeifunika ndiye aliyenifundisha kazi: Madam Kagwiria, mwanamke mfupi aliyeanza kwenye swichibodi ya simu na kuhamia kwenye kompyuta kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyekubali kuigusa. Cheti changu hakukifungua. Aliniuliza kama ninaogopa panya.

"Kwa nini, Madam?"

"Kwa sababu hapa kazi yako ya kwanza ni panya. Wanakula waya. Hizo zingine za vitabu tutaona baadaye."

Kwake nilijifunza kuchomoa kila kitu mawingu yakijikusanya upande wa mlima, maana radi, alisema, haina heshima kwa cheti cha mtu. Nilijifunza kutopuliza vumbi kwa mdomo, kwa sababu mate hufika mahali vumbi halifiki. Mpangilio wa rangi za nyaya ndani ya kebo niliukariri nikiwa nimeinamisha kichwa mbele yake kama mtoto wa katekisimu, na nikikosea alinianzisha upya. Alinifundisha pia kumsikiliza mtu wa mashinani mpaka amalize, hata akisema kompyuta yake imekataa kwa sababu ya kijicho cha jirani. Mara nyingi, alisema, ndani ya hiyo hadithi ya kijicho utasikia pia kwamba jirani amejiunganishia umeme.

Shirika letu, kwa wale mlioajiriwa juzi na mnadhani ni ofisi ya kuchapisha ripoti, halikuwa hospitali. Kazi yetu ilikuwa kuwaleta madaktari wa upasuaji wa macho, mara moja kwa mwaka, kwenye kambi inayofanyika wakati wa likizo katika shule moja ya Embu mjini. Madaktari tuliwapata. Kazi ngumu ilikuwa kuwapata wagonjwa, watu walioketi nyuma ya nyumba zao huku milimani na kule chini kwenye ukame wa Mbeere, waliokwisha kubali kwamba kutoona ni sehemu ya kuzeeka au ya kuzaliwa.

Hao tuliwapata kanisani. Ukitaka habari ifike Kiirua au Kanja, mpe katibu wa kanisa. Baada ya mahubiri, kabla ya baraka ya mwisho, ndipo husomwa matangazo: harusi, mazishi, chanjo ya ng'ombe, mkutano wa wazazi, kambi ya macho. Watu hulala wakati wa mahubiri, lakini wakati wa matangazo hakuna anayelala. Na kilichosomwa pale kinaaminika, tena nadhani kinaaminika kuliko mahubiri yenyewe.

Ibada ikiisha, katibu huketi kwenye benchi nje na wanaotaka huduma wanamzunguka. Zamani alituletea majina kwa karatasi. Baadaye tukapata tovuti, na makatibu wakawa wanaandikisha watu kwa simu, mmoja mmoja, jina, kitambulisho, namba. Mgonjwa akishasajiliwa, mtambo wetu humtumia meseji ya kumwambia siku na saa ya kuja. Na tuliweka sheria moja, ambayo nilizunguka mwenyewe nikiihubiri: usije kambini bila meseji. Haikuwa sheria ya ubaya. Mwaka fulani watu walikuja wote kwa pamoja, wakasukumana langoni, na nyanya mmoja akaanguka akavunjika nyonga. Alikuja kutafuta macho akarudi bila mguu. Tangu hapo, bila meseji huji.

Katibu aliyeishika sheria hiyo kuliko wote alikuwa Mwalimu Njeru wa Kanja. Alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi, na alikuwa akipangusa simu kwa leso kabla ya kuitumia, kama ubao. Siku niliyokwenda kuwafundisha makatibu wa upande huo, wengine waliuliza chai inaletwa saa ngapi. Yeye aliuliza itakuwaje akikosea namba ya mgonjwa, na meseji ikaenda kwa mtu mwingine. Alikataa kujaribu mtambo kwa jina la binadamu wa uongo, akisema ni kusema uongo kanisani, kwa hiyo akamsajili mbuzi wake. Mtambo ukamtumia mbuzi meseji ya kumwita kambini kwa uchunguzi wa jicho la kushoto. Tulicheka sana. Mwalimu hakucheka hata kidogo, akanipigia simu mpaka nikamfuta yule mbuzi, ili asichukue nafasi ya mtu.

Shida yetu ikawa Jumapili yenyewe. Ibada za pili huisha karibu wakati mmoja kila mahali, na makatibu wote, kutoka milimani mpaka tambarare, hufungua tovuti kwa pamoja. Seva yetu ilikuwa ndogo. Kila Jumapili mchana ilizirai, na Jumatatu nilipokea simu za watu wa Mungu wakinitolea maneno ambayo hayamo kwenye Biblia.

Kwa hiyo tuliweka akiba. Nitaeleza, maana najua kuna wahasibu watakaosoma haya. Mama mwenye hoteli hachemshi chai upya kila mteja anapoingia. Anachemsha sufuria moja, anajaza chupa kubwa ya kuhifadhi moto, kisha anamimina. Akiba ndiyo hiyo chupa. Mtu wa kwanza akiomba ukurasa, seva inautengeneza, nakala inawekwa, na wote wanaokuja nyuma yake wanamiminiwa ileile mpaka muda wake uishe. Wafanyakazi tulioingia kwa nywila hatukunywa kwenye chupa. Sisi tulipewa moja kwa moja kutoka jikoni, kwa sababu tulihitaji kuona mambo mapya papo hapo. Ilifanya kazi vizuri mno. Simu za Jumatatu zilikoma, na kwa miaka kadhaa nilikuwa mtu wa kupongezwa.

Sasa tuje kwenye ule mwaka.

Tovuti yetu ilijengwa na kampuni ya Nairobi juu ya kiunzi, yaani mifupa iliyotengenezwa tayari na watu wa mbali, ambayo kila fundi huivisha nyama anayotaka. Kambi ikiwa inakaribia na usajili umekwisha anza, waliotengeneza kiunzi hicho walitoa onyo. Wamegundua ufa, na tayari wametoa toleo jipya la kuuziba. Niliusoma ule ukurasa wa onyo mara kadhaa.

Ombi la kufungua ukurasa huja na maelezo juu yake, kama bahasha. Mojawapo hutaja jina la nyumba linakokwenda, yaani anwani ya tovuti. Kiunzi chetu kililiamini jina hilo bila kuuliza, na kikalitumia kuandika anwani za vitufe ndani ya ukurasa, pamoja na kitufe cha kujisajili. Mtu akituma ombi lenye jina la nyumba yake mwenyewe, anarudishiwa ukurasa wetu, na rangi zetu na nembo yetu, ila kitufe cha kujisajili kinaelekea kwake. Hapo bado amejidanganya peke yake. Ubaya ni kwamba akiba haikulitazama hilo jina. Kwake huo ulikuwa ukurasa wa usajili kama mwingine wowote. Ikaweza kuuweka na kuwagawia watu wote. Mteja wa kwanza ametia chumvi kwenye chupa, na hoteli nzima inakunywa chumvi, huku mama mwenye hoteli akionja ya sufuriani na kusema chai ni tamu.

Nilikwenda kwa mkurugenzi. Bwana Mugambi alikuwa mtu mwema, sitaki mmfikirie vingine. Lakini tulikuwa na desturi kwamba kambi ikikaribia tovuti haiguswi, kwa sababu mwaka mmoja ile kampuni iliiboresha wiki ya mwisho na usajili ukafa wote.

"Hii kitu imeharibika?" aliniuliza.

"Haijaharibika. Inaweza kuharibiwa."

"Leo iko sawa?"

"Kwangu na kwako iko sawa. Ndiyo shida yenyewe."

Aliwapigia wale wa Nairobi mbele yangu, akaweka simu kwenye spika. Kijana mwenye sauti ya kustarehe akatuambia kwamba ufa huo ni wa kiwango cha kati, na kwamba hakuna mtu atahangaika na katovuti ka macho huko Meru. Bwana Mugambi akakata simu akaniangalia kwa huruma.

"Baba Kendi, haraka haraka haina baraka. Baada ya kambi."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Tutaujenga basi. Baada ya kambi."

Niliomba tuzime akiba angalau. Akaniuliza Jumapili itakuwaje bila akiba, na mimi ndiye niliyekuwa nimemweleza kwa miaka mingi Jumapili ingekuwaje. Nilitoka nikiwa na ghadhabu ambayo haikuwa na mahali pa kwenda. Nikawa ninafungua tovuti kila siku ya kazi kuichungulia, hata kwa simu kama mtu wa nje, na kila siku niliiona ni safi.

Kambi ilifunguliwa kwa sala na wimbo. Madaktari walikuwa wamefika na mashine zao, na mwaka huo, kwa mara ya kwanza, alikuwapo daktari wa macho ya watoto na mwenzake wa kuwalaza watoto usingizi kwa dawa. Tulikuwa tumelitangaza hilo kila mahali. Sista Makena, muuguzi wetu mkuu, alipanga madawati chini ya turubai, akaweka hata vitu vya kuchezea.

Walikuja wachache. Nkubu walikuja, na wa Kiirua kidogo, na wengine waliojisajili siku za kazi. Lakini madawati mengi yalikaa matupu tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Daktari wa watoto alifanya kazi asubuhi, na mchana akaketi kwenye ngazi ya darasa akinywa chai na kutazama lango. Sijui kama mmewahi kumwona mtu aliyesafiri mbali na mikono yenye uwezo wa namna ile, akiwa ameiweka tu magotini. Bwana Mugambi alikuwa anatembea huku na huku, amefedheheka.

"Watu wetu, bwana," aliniambia. "Ukiwaletea kitu bure wanakidharau."

Nilikagua mtambo mzima. Seva ilikuwa hai, meseji zilikuwa zimetoka kwa wote waliosajiliwa, na waliosajiliwa walikuwa hao wachache. Mtu wa mapokezi alisema kuna makatibu waliopiga simu kuuliza meseji ziko wapi, akawajibu kama tulivyomfundisha, kwamba zinatumwa kwa zamu, wasubiri. Madaktari walifunga masanduku yao mapema. Walituaga kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyoniuma.

Nikaenda Kanja Jumapili iliyofuata, kwa sababu Mwalimu Njeru hakuwa mtu wa kudharau kitu. Nilifika ibada ikimalizika. Alikuwa kwenye benchi lake nje, akisajili wazee kwa ajili ya miwani, usajili ambao huwa tunauacha wazi baada ya kambi. Kando yake alisimama mwanamke kijana amebeba mtoto mgongoni. Mwalimu aliniona, akapangusa simu yake, hakunipa mkono.

"Karibu, Baba Kendi. Umekuja kuona wale mliacha?"

"Tuliwaacha vipi, Mwalimu? Sisi tuliwangoja hamkuja."

"Mlitungoja?" Akawageukia wale wazee kama anayetafuta mashahidi. "Mimi nimeandika watu hapa kila Jumapili. Tumeambiwa tungoje meseji. Tukangoja. Nikapiga simu kwa ofisi yenu, wakasema tungoje. Kambi imeisha tukingoja."

"Ulibonyeza wapi?"

"Pale ulinifundisha kubonyeza."

Nikamwomba amsajili mzee aliyefuata, mimi nikiangalia. Ukurasa ulikuwa wetu, hata ile picha ya mlima niliyoipiga mwenyewe. Akabonyeza kitufe cha kujisajili. Juu ya kioo anwani ikabadilika, herufi chache tu tofauti na yetu, na fomu ikafunguka, safi kabisa, ikiomba jina, kitambulisho, namba. Nilimshika mkono kabla hajaandika. Nikafungua tovuti kwenye kompyuta yangu kwa nywila ya ofisi: ukurasa ni safi, kitufe kinaenda kwetu. Nikafungua kwa simu yangu kama mtu wa kawaida: kitufe kinaenda kwao. Niliviweka viwili hivyo juu ya benchi, kimoja kando ya kingine, kisha nikaketi chini kwenye nyasi na suruali yangu ya Jumapili.

Wezi walikuwa wanatia sumu kwenye akiba Jumapili, ibada zikiisha. Jumatatu tukiingia kazini imekwisha muda, chupa imejazwa upya, kila kitu ni kitamu. Walichotaka ni vitambulisho na namba za simu, na wakishazipata fomu yao ilijibu kwa upole: Umesajiliwa. Subiri ujumbe.

"Kwa hivyo watu nimeandika," Mwalimu alisema polepole, "nimewaandika wapi?"

Nikamwambia ni wezi. Nikamwambia si kosa lake, ni ufa uliokuwa kwenye mtambo wetu, na kwamba tuliujua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia yule mwanamke aliyebeba mtoto, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Wawira, kuja usikie hii."

Wawira alimgeuza mtoto wake mbele. Aliitwa Mugendi, hajaanza kutembea, mtoto mnene mwenye afya, na katikati ya kila jicho, mahali penye weusi, palikuwa na weupe kama wa maziwa. Alizaliwa hivyo. Kwenye zahanati walikuwa wamemwambia mama yake asingoje sana, jicho la mtoto likichelewa kufunguliwa ubongo unasahau kuona, na kwamba mwaka huo kambi italeta daktari wa watoto.

"Mimi nilikuwa nimetoka," Wawira alisema. "Nilikuwa nimemvalisha, nikafika kwa stage ya matatu. Nilisema wacha niende tu hata bila meseji, watanionea huruma. Mwalimu akanipata hapo."

"Nilimrudisha," Mwalimu Njeru akasema. "Nilimwambia asiruke wenzake. Nikamwambia kuna nyanya alivunjika kwa sababu ya watu kama yeye. Mimi. Na huu mdomo."

Mimi nilikuwa ninayaona yale madawati matupu, na yule daktari kwenye ngazi, na kikombe chake cha chai. Ningeweza kunyamaza. Lakini Wawira aliniuliza kama kambi ilikuwa imejaa sana, na nikamwambia hapana.

Kuuziba ufa kulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nilifanya palepale, kwenye nyasi, bila kumwomba mtu ruhusa, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Ripoti ikaandikwa. Ilisema seva yetu haikuingiliwa na hakuna taarifa yetu iliyopotea, na kila neno lilikuwa la kweli. Kweli za namna hiyo mtakutana nazo nyingi katika kazi hii, na nawaomba muwe mnaona kichefuchefu.

Maana fikirieni. Watu wale hatukuweza hata kuwapigia simu kuwaomba radhi. Majina yao hatukuwa nayo. Walikuwa wamemwandikia mwizi, na mwizi hatoi nakala. Njia iliyobaki ya kuwafikia ilikuwa ileile ya matangazo, kwa hiyo tukatuma tangazo kwa makanisa yote kwamba waliosajiliwa Jumapili wajisajili tena. Kufikia wakati huo matapeli walikuwa wameanza kuwapigia simu, wakiwataja kwa majina kamili. Wazee wa makanisa wakasema basi, hakuna namba ya muumini itakayoandikwa tena kwenye mtandao. Siwalaumu. Akiba ya mashine niliifuta kwa amri moja. Hii nyingine, ya mioyoni, sikujua inafutwa na nini, na nyinyi pia hamjui.

Mwalimu Njeru aliacha kusoma matangazo. Walimbembeleza, akakataa. Siku hizi huketi benchi la nyuma karibu na mlango, na yakianza matangazo hutoka nje akasimama mpaka yaishe. Nilikwenda kumwona nyumbani. Alinipa nduma na chai, akaniuliza habari za binti yangu Kendi na za mahindi, na hakutaja hata mara moja tovuti wala kambi.

Kwa Mugendi tulihangaika. Sista Makena alimwandikia mama yake barua ya kumpeleka kwenye hospitali kubwa, mbali. Alikwenda mara mbili akarudishwa mara mbili, mara ya kwanza mashine ilikuwa mbovu, mara ya pili mtoto alikuwa na kikohozi hawezi kulazwa usingizi. Nilipiga simu mpaka watu wakaacha kuzipokea zangu. Huku siku zinakwenda, na ninajua zilivyokuwa zinakwenda ndani ya kile kichwa kidogo.

Kambi iliyofuata ilikuwa ya mwisho kwangu kabla ya kustaafu. Kutoka Kanja hakukuwa na aliyejisajili. Lakini siku ya kwanza, lango likifunguliwa, Wawira alikuwa amekwisha fika, bila meseji, na Mugendi akitembea kando yake ameshika leso ya mama yake, uso ameuelekeza juu. Hakuna aliyethubutu kumuuliza meseji. Yule daktari wa watoto alikuwa amerudi. Alimpima muda mrefu, akampitishia mwanga jicho hili na lile, macho ya mtoto yakicheza huku na huku bila kushika kitu. Kisha akazungumza na Sista Makena kwa Kiingereza, taratibu, na Sista akawa anaitikia kwa kichwa.

"Daktari anasema atatoa huo utando," Sista akamwambia Wawira. "Atajua mchana na usiku. Labda ataona kivuli ya mtu akipita."

"Na uso yangu?"

Sista akatikisa kichwa.

"Na kama ningekuja ile siku ingine? Ile nilirudishwa?"

Daktari hakuelewa maneno, lakini swali alilielewa. Alijibu, maneno machache. Sista Makena, ambaye nimemwona akishikilia vichwa vya watu wazima wakipasuliwa macho bila kupepesa, akanigeukia.

"Wewe ndiye unajua hiyo maneno ya mtandao," aliniambia. "Mwambie wewe. Mimi siwezi."

Nilichuchumaa mbele ya lile dawati. Mugendi alisikia sauti yangu akanyoosha mkono, akanishika pua, akacheka. Nikamwambia mama yake kama daktari alivyosema, bila kuongeza na bila kupunguza. Nikamwambia ile siku ilikuwa bado mapema. Angeliona. Si kama sisi wote, lakini angeliona uso wa mama yake, na angesoma.

Akaanza kumfunga mtoto kamba za viatu. Alimaliza kiatu kimoja, akahamia cha pili.

"Asante kuniambia," akasema. "Kule kwetu wananiambia hata ningekuja, Ngai, Mungu mwenyewe, alikuwa ameshaamua. Mwaka mzima nimekosana na yeye. Kumbe hata hakuwa yeye."